Fundi Aliyegusa kwa Mgongo wa Mkono

Nilimjua Fundi kwa miaka tisa. Nimeihesabu mara mbili, kwa sababu sina raha na kitu nilichohesabu mara moja, na bado ni tisa. Kwa miaka hiyo yote sikuwahi kumwona akigusa chuma kwa kiganja. Geti, kitasa, sufuria ya chai, hata mabati ya kibanda chake mwenyewe pale Ayany inapopakana na Kibera, alivigusa kwanza kwa mgongo wa mkono, kidogo tu, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Kisha ndipo aliamua kama atashika. Mwanzoni nilidhani ni maringo. Baadaye nikadhani ni ugonjwa. Mwishowe niliacha kudhani, maana alichokuwa akiniuzia ni kazi, si tabia.

Kibanda chenyewe siku hizi kinauza vifuniko vya simu. Nikipita hapo huangalia upande mwingine.

Mimi huuza vyombo vya muziki vilivyotumika. Vinatoka Kilimani na Lavington, kwa watu wanaohama wakiwa na haraka ya ndege. Wao wana haraka, mimi nina subira, na hapo katikati ndipo ninapoishi. Nyumbani kwangu Kawangware kuna spika nyingi kuliko viti, na mgeni akizoea hukalia spika. Watu wananiita Mama Spika. Chombo chochote kilichokuwa na sauti isiyo ya muziki nilimpelekea Fundi, kwa sababu kelele ndiyo ilikuwa kazi yake. Redio iliyokufa hakuipenda.

"Iliyokufa, kila mtu anajua imekufa," alisema. "Niletee inayosema uongo."

Alikuwa na majina ya kelele zake. Kulikuwa na nyuki, ule mngurumo mzito usiopanda wala kushuka. Kulikuwa na mafuta, ile inayochemka kama viazi vinavyokaangwa. Panya ni ile inayokwaruza unapozungusha kitufe cha sauti. Ukimletea spika, hakuifungua. Aliiwasha, akakaa, akafumba macho, kisha akakuuliza swali lilelile la siku zote: "Ukiongeza sauti, kelele inaongezeka ama inabaki palepale?" Ikiongezeka, inatoka nje, kwa simu au kwa waya. Ikibaki palepale, iko tumboni mwa mashine. Halafu alihamisha spika ya kulia akaiweka kushoto, na ya kushoto kulia.

"Imehama ama imebaki?"

Hilo swali alilitumia kwa kila kitu. Siku moja mama mmoja alikuja akatuambia kwa furaha kwamba mume wake ameacha pombe tangu wahamie yale maghorofa ya Soweto East. Fundi hakuinua hata kichwa. "Imeisha ama imehama?" Yule mama alichukua redio yake, akaenda. Wiki iliyofuata alirudi, akasema imehama.

Kulikuwa na mambo ndani yake yasiyokaa pamoja. Alitengeneza spika za nusu ya Kibera na kibandani kwake hamkupigwa muziki hata siku moja. Alikuwa mpole kwa watu na mkali kwa plagi. Mnajua vile tunavyofanya: chaja ya miguu miwili ikikataa kuingia kwenye soketi, unachukua kalamu, unaichoma kwenye tundu la juu, vijilango vya matundu ya chini vinafunguka, chaja inaingia. Kila nyumba hufanya hivyo, hata kwangu. Fundi akiona kalamu kwenye tundu hilo alizima soketi, akaichomoa bila kuomba ruhusa, akaitia mfukoni mwa shati. Siku moja, akiwa amelala kidogo mchana kwenye kiti chake, nilizihesabu kalamu hizo. Kumi na moja. Nikarudia, kumi na moja. Hakuna hata moja iliyoandika.

Lakini kilichonikasirisha kabisa ni kazi za bure. Mimi, mteja wake mkubwa, nilibishana naye mpaka tukakauka koo, naye hakulegea. Kisha Jumamosi moja ninamwona hapa kwetu Kawangware, anatoka kwenye nyumba ya watu nisiowajua, bisibisi mkononi, na mwenye nyumba anamshukuru kwa mdomo mtupu.

"Kwangu hata skrubu unaitaja," nilimwambia. "Kwa hawa umekuwa kanisa?"

"Hao ni wateja wa zamani, Mama Spika."

"Na mimi ni wa lini?"

Alitia bisibisi mfukoni, akaondoka. Alikuwa na daftari la shule, lile jembamba, na nililiona siku aliyoliacha wazi mezani alipokwenda msalani. Yalikuwa maelezo ya milango. Mlango wa bluu karibu na kinu cha unga. Mama wa mapacha, ghorofa ya tatu. Dada wa kwaya, Lindi, nyumba ya mwisho. Kila mstari ulikuwa umekatwa kwa wino, isipokuwa miwili, wa juu kabisa na wa chini kabisa. Nilihesabu tena, miwili. Kabla sijasoma wa chini alirudi, akalifunga. Nilishika njia nikijiambia nimeelewa. Mtu wa umri ule, wanawake wote wale, na mitaa yote ile. Kwa kweli nilimheshimu.

Na kulikuwa na swali lingine, ambalo alinitupia kila baada ya miezi kadhaa, kana kwamba limemjia tu.

"Ile ampli ya rangi ya fedha ilienda kwa nani?"

"Kwa mteja."

"Mteja gani?"

"Mzuri."

Kwa biashara yangu hilo si swali la kujibiwa. Fundi akishajua mlango wa mteja, dalali ni wa nini? Nimeona wenzangu wakizungukwa hivyo mpaka wakarudi kuuza nyanya. Kwa hiyo kila alipouliza, nilifunga mdomo na kujipongeza.

Hiyo ampli ya fedha, mashine ya kukuza sauti, ilikuwa ya mwaka wetu wa kwanza. Ilikuwa na nyuki. Fundi alitaka kwanza aone nyumba itakapokwenda, jambo ambalo lingemmaliza nusu siku, nami sikutaka kuilipia nusu siku wala kumwonyesha nyumba. Mteja alikuwa ananipigia simu. Nikambana Fundi, nikamwambia kuna mwingine kwetu anamaliza jambo hilo kwa dakika tano. Nilimpunguza bei mpaka akapunguza waya. Alifungua plagi, akakata ule waya wa kijani na manjano, wa ardhi, akafunga. Nyuki wakanyamaza. Nikaondoka nikijiona mjanja.

Mwaka uliofuata alibadilika. Ukimwambia akate waya huo anakurudishia mzigo wako na hakuagi. Nilidhani ni njia mpya ya kupandisha bei.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Kuna mwenye ploti hapa Kawangware, mzee wa kanisa, mwenye nyumba ya mawe mbele na vyumba vya mabati nyuma. Nilikuwa nimemuuzia ampli ya kisasa, zile zisizotaka kaseti wala diski. Inavuta nyimbo hewani kwa Wi-Fi, nawe unazichagua kwa simu ukiwa umejilaza kwenye sofa. Siku ya pili alinipigia.

"Mama, umeniuzia nyuki."

Niliichukua kwa boda mpaka Ayany. Fundi akaiwasha, akaiunganisha na simu yake, akafumba macho. Kimya. Nikairudisha. Kwa mwenye ploti, nyuki. Nikaipeleka tena Ayany, kimya kabisa. Mwenye boda aliniangalia kwa huruma. "Mathe, hii kitu unauza ama unaitembeza?"

"Kelele haiko kwa mashine," Fundi alisema. "Iko kwa nyumba. Nipeleke."

Nilipima. Fundi kuujua mlango wa mteja ni hasara. Kuitembeza ampli kati ya Ayany na Kawangware mpaka uzeeni ni hasara kubwa zaidi. Nikampeleka.

Getini alinyoosha mgongo wa mkono kama kawaida. Mwenye ploti alicheka. "Fundi, hiyo geti imeoga leo."

Ndani alikaa kwanza, akaangalia soketi moja moja. Akachomoa kila kitu: runinga, king'amuzi, friji, chaja. Akaacha ampli na spika zake peke yake. Kimya. Akaweka simu. Kimya. Akarudisha kisanduku cha Wi-Fi pale kilipokuwa, juu ya ampli, na spika zikaanza kudonadona, tik, tik, tik. Akakihamishia dirishani. Kimya.

"Hiyo ni moja," alisema.

Akarudisha runinga na waya wake unaoingia kwenye ampli, na hapo nyuki walikuja wote, mzinga mzima. Akabadilisha spika kulia na kushoto. Haikuhama. Akachomoa ule waya mweusi unaotoka kwa dishi juu ya paa. Kimya. Akauchomeka tena. Nyuki.

"Runinga inashika ardhi kupitia huko juu kwa dishi," alimweleza mwenye ploti. "Ampli inashika ardhi kupitia hapa chini kwa soketi. Zinavutana, na katikati ni spika inalia. Tutazilisha zote kutoka soketi moja, tuone."

"Kwa nini tusumbuke?" mwenye ploti alisema. "Kata tu hiyo waya ya ardhi. Ile ampli ya kwanza niliyouziwa na huyu mama ilikuwa kimya kama kaburi."

Bisibisi ya Fundi ilisimama hewani.

"Ya kwanza ilikuwa rangi gani?"

"Ya fedha."

Fundi aliniangalia. Nimeangaliwa na watu wengi katika biashara hii, na katika kila jicho mimi huona bei. Katika lile sikuona chochote.

"Iko wapi sasa?"

"Nilimpa mpangaji wangu hapo nyuma. Alikuwa ametufulia vizuri, nikamwambia achukue. Ni miaka mingi."

Fundi alisimama. Aliacha nyaya zote zimetapakaa kwenye zulia la mwenye ploti, akaelekea mlango wa nyuma.

"Na yangu?" mwenye ploti aliita.

"Yako inapiga kelele," Fundi alisema. "Inaweza kungoja."

Nilimkimbilia kwenye ile njia nyembamba kati ya jiwe na mabati. Alikuwa akitembea haraka, mkono mmoja umeshika daftari mfukoni.

"Mama Spika, nilikuuliza mara ngapi?"

Mimi ninayehesabu kila kitu mara mbili, hiyo sikuwa nimeihesabu hata mara moja.

"Ungeniambia unaitakia nini," nilisema.

"Ningekuambia, ungejua mimi ni nani."

Akasimama karibu na bomba la maji, akaniambia bila kuniangalia. Mwaka ule alikuwa akikata waya huo kwa kila aliyetaka haraka. Nyumba nyingi. Kisha, Kibera, mtu mmoja aliyemkatia alitoka kuoga, bado ana maji mwilini, akaenda kupunguza redio asikie nani anabisha mlango. Hakufika mlangoni.

"Huo waya ndio unabeba stima mpaka chini ikitoroka," alisema. "Usipokuwepo, stima inakaa kwenye chuma inangoja mtu. Watu walisema ni nyaya za mtaa. Nikanyamaza. Nilienda mazishi, Mama Spika. Nilipewa chakula, nikala."

Nilisimama pale nikisikia maji yakidondoka kwenye ndoo ya mtu. Mstari wa juu kabisa wa daftari haukuwa wa mpenzi, ulikuwa wa huyo aliyezikwa. Na wa chini kabisa ulikuwa wangu.

Mlango wa mpangaji ulikuwa wazi. Alikuwa Mama Akinyi, anayefua nguo za watu mitaa ya juu, na siku hiyo hakuwa amepata kazi, kwa hiyo alikuwa akipiga deki. Sakafu ya saruji iling'aa maji. Ampli ya fedha ilikuwa juu ya kabati dogo, imefunikwa kitambaa cha kufuma, simu juu yake.

"Karibuni," alisema. "Lakini redio msiguse bila slipas."

Fundi alisimama kizingitini. "Unasema?"

"Hiyo inauma kidogo. Mvua ikinyesha inauma zaidi. Tumeizoea." Alisema kama mtu anayezungumzia mbwa wa jirani. "Ndiyo maana slipas zake ziko hapo. Hakuna mtu anatembea nazo nje."

Zilikuwa chini ya kabati, zimepangwa vizuri, ncha zikielekea ampli. Nilizihesabu. Pea mbili. Moja nyekundu, ya mtu mzima. Nyingine ndogo, ya mtoto, yenye kipepeo cha plastiki. Nikahesabu tena nikitumaini kwamba nimekosea. Pea mbili. Miaka minane nimekula faida ya ampli ile na kuisahau, na kumbe ndani ya chumba hiki mtoto alikuwa amefundishwa kuvaa viatu kabla ya kusikiliza wimbo.

Fundi alipiga magoti. Alinyoosha mgongo wa mkono, akagusa kona ya ampli, na mkono ukaruka peke yake ukampiga kifuani. Alizima soketi, akachomoa plagi, akakaa kidogo kwenye maji, suruali na yote.

"Fundi, nilikuambia," Mama Akinyi alisema.

Alipoanza kufungua, bisibisi iliteleza kwenye skrubu mara mbili. Nilichukua bisibisi, nikafungua mimi, naye akanielekeza. Skrubu nne. Nilizishika mkononi na kuzihesabu mara mbili, kwa sababu nilihitaji kitu cha kuhesabu. Ndani kulikuwa na waya mmoja uliosuguana na chuma miaka yote hiyo mpaka ganda lake likaisha. Aliufunika, akaufunga mbali na chuma. Kisha alitoa kwenye mfuko wa koti kipande cha waya wa kijani na manjano. Alikuwa nacho tayari, kimekunjwa. Sijui alikuwa ametembea nacho tangu lini. Alikifunga mahali pake, ndani na kwenye plagi. Akaijaribu soketi kwa kijitaa chake cha kupimia, tundu la juu likajibu. Mwenye ploti, pamoja na ubahili wake wote, alikuwa amefikisha waya wa ardhi mpaka vyumba vya nyuma.

"Sasa itakuwa sawa?" Mama Akinyi aliuliza.

"Itanguruma kidogo ukiichaji simu huku inacheza."

"Haikuwa inanguruma."

"Najua."

"Sasa Fundi, umetengeneza ama umeharibu?"

Nilirudishia zile skrubu nne, moja moja.

Fundi alitoa daftari. Akajaribu kalamu ya kwanza ya mfukoni, ya pili, ya tatu. Hazikuandika. Nikampa yangu. Alikata mstari wa chini, polepole, akanirudishia.

Akinyi alirudi kutoka shule wakati huo. Msichana wa miaka kama tisa, mkoba mgongoni. Alituamkia, akavua viatu vya shule mlangoni, akatembea moja kwa moja mpaka chini ya kabati na kutumbukiza mguu kwenye slipas ya kipepeo.

"Akinyi," Fundi alisema. "Leo unaweza kuigusa bila hizo."

Mtoto alimtazama mama yake. Mama yake alinitazama mimi, ambaye angalau alinijua kidogo. Mimi niliangalia mikono yangu. Hakuna aliyekuwa tayari kusema, haya, gusa.

Fundi alivua viatu, akavua na soksi, akazikunja na kuzitia ndani ya viatu. Nyayo zake zilikuwa nyeupe, kama za mtu asiyezionyesha. Alisimama kwenye sakafu yenye maji, akachomeka plagi, akawasha soketi. Akainua mkono, mgongo mbele, kama siku zote. Ukasimama karibu na chuma. Kisha akaugeuza, akaweka kiganja. Kiganja chote, vidole vimetanuliwa, juu ya ampli ya fedha.

Nilihesabu mpaka kumi. Nikaanza upya.

"Inauma?" Akinyi aliuliza.

"Haiumi."

Mtoto alifikiri. Kisha akavaa slipas ya pili, akasogea, akachomeka simu kwenye chaja na kwenye ampli, akatafuta wimbo anaoupenda. Kabla wimbo haujaanza, spika zilinguruma, nyuki kamili, chumba kizima. Fundi bado alikuwa ameweka kiganja palepale. Tulisimama tukaisikiliza ile kelele, na hakuna aliyeomba inyamaze.